Choo Kikijaa Ilala, Majitaka Yanakwenda Wapi?

Ndugu wenyeviti wa mitaa, wajumbe na majirani, nianze na wachache wenye bomba. Katikati ya mji wa Dar es Salaam, ukivuta maji chooni yanaingia kwenye mtandao wa majitaka, na kwa miaka mingi mengi yake yamemwagwa baharini pale Ocean Road. Hilo lina mjadala wake. Wengi wenu hamna bomba; mna shimo.

Huko bondeni, kando ya Mto Msimbazi, shimo mara nyingi limejengewa matairi au mapipa, maana mchanga unabomoka na maji ya ardhini yako juu. Kwa hiyo linajaa upesi. Anayeweza huita gari la majitaka. Asiyeweza huita vyura: vijana wanaochimba shimo jingine pembeni, wakatoboa ukuta na kuhamishia kinyesi humo, wengine wakiingia miguu mitupu. Na wapo wanaosubiri masika. Mvua ikikolea usiku, choo kinatapishwa, yaani kinafunguliwa kinyesi kiende na mvua, mzigo unashuka Msimbazi. Msicheke, tunajuana. Kipindupindu kikija, kama 2015, tunamkimbiza muuza matunda.

Gari nalo humwaga kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka, kama yale ya Vingunguti. Bwawa la kwanza lina kina kirefu: uchafu mzito unazama, bakteria wasiohitaji hewa wanaumeng'enya. Yanayofuata ni ya kina kifupi, ya kijani. Mwani unatoa oksijeni, bakteria wengine wanamalizia kazi, jua linaua vimelea. Hakuna mota wala bili ya umeme. Mimi nayapenda kwa hilo. Ila tope lisipotolewa, nafasi inapungua na maji yanatoka kabla hayajaiva.

Sasa, kwa nini mtu atapishe choo wakati mabwawa yapo? Bei ni ya tripu. Mwenye kishimo kidogo analipia safari nzima, tena gari haliingii uchochoroni, mpira haufiki, na ukifika unakabwa na pampasi na vitambaa mlivyotupa humo. Dereva anaondoka.

Ndiyo maana, kabla ya kudai bomba jipya, ningedai pampu ndogo za kupita vichochoroni na kituo cha karibu cha kuhamishia, gari kubwa likachukue hapo. Kituo kinataka kiwanja. Kila mtaa ninaokwenda unakubali kijengwe, mradi kiwe mtaa wa pili. Mwenyekiti wa mtaa wa pili yumo humu leo, tuanze naye.