Anzieni Dawati la Nyuma

Walimu wenzangu, nawasalimu. Nimeombwa nizungumzie darasa bora, na najua wengine mnasubiri nitaje projekta na kompyuta. Hizo zije zikipatikana. Mimi nikitaka kujua hali ya darasa naketi dawati la nyuma kabisa, pale pembeni, nasikiliza.

Mara nyingi tatizo la kwanza ni masikio. Mtu mzima ikimpita silabi moja, anaijazia mwenyewe kwa kuwa neno analijua. Mtoto anayelisikia neno “usanisinuru” kwa mara ya kwanza atajazia nini? Kapata “sanisuru”, basi anaandika hivyohivyo daftarini, na mwalimu akija kusahihisha anasema huyu hasomi.

Kiwango cha Marekani cha sauti madarasani kinataka kelele ya chumba cha kawaida kikiwa kitupu isizidi desibeli 35, na mwangwi ufifie ndani ya sekunde 0.6 hivi. Sasa fikirieni chumba cha kuta tupu, sakafu ya saruji na dari ngumu. Mwalimu akipaza sauti, mwangwi nao unapanda pamoja naye. Afadhali apunguze kasi. Mapazia mazito na dari inayofyonza sauti husaidia, hata kama hakuna mgeni atakayevisifia.

Hewa na mwanga sitavikalia sana. Chumba kipitishe hewa, na jua lisimulike ubaoni hadi maandishi yakapotea.

Mapambo, hapo najua nitawaudhi baadhi yenu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walichapisha utafiti wao kuhusu watoto wa chekechea: kwenye chumba kilichojaa picha na chati, watoto walitangatanga zaidi kimawazo na wakajifunza kidogo kuliko kwenye kuta tupu. Sisemi mbandue kila kitu leo jioni. Ila chati ya mada iliyokwisha zamani bado inafanya nini ukutani?

Idadi ya wanafunzi nayo ina uzito. Jaribio lililoanza katika jimbo la Tennessee, Marekani, mwaka 1985 lilionyesha kuwa watoto wa madarasa ya awali waliokaa 13 hadi 17 walifanya vizuri kuliko wenzao waliokaa 22 hadi 25. Lakini idadi haipangwi na mwalimu, kwa hiyo niseme lililo mikononi mwetu.

Mary Budd Rowe, mtafiti wa ufundishaji wa sayansi, alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali. Matokeo aliyochapisha mwaka 1974 yalionyesha kuwa walisubiri kama sekunde moja tu, kisha wakamtaja mwingine au wakajijibu wenyewe. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na waliozoea kunyamaza wakaanza kusema. Alihimiza pia kusubiri baada ya jibu, jambo ambalo wengi wetu hulisahau: mtoto anameza mate aendelee, sisi tumeshasema “vizuri, mwingine!”

Naona mama pale anatikisa kichwa: silabasi itaisha lini? Hesabu hiyo tuifanye pamoja. Ukiuliza maswali 20 katika kipindi, na kila moja ukalipa sekunde 3, umetumia dakika moja. Kuita mahudhurio peke yake kunakula zaidi ya hapo.