Sauti ya Mtu Ndani ya Boksi Dogo: Mhadhara Kuhusu Kuchagua Spika za Rafuni

Mabibi na mabwana, asalaam aleikum, na habari za jioni.

Mezani hapa mbele kuna spika mbili, na nafasi ya hewa iliyomo ndani ya kila moja haizidi ile ya dumu la lita 5 tunalonunulia mafuta ya kula. Nimeziweka makusudi, lakini sitaziwasha mpaka nimalize kusema, kwa sababu nimeshajifunza kwamba muziki ukianza hakuna anayemsikiliza tena mhadhiri. Nimeombwa nieleze namna mtu mwenye sebule ya kawaida, anayetaka kusikiliza kwa utulivu na si kuutumbuiza mtaa mzima, anavyoweza kuchagua spika ndogo ziitwazo za rafuni. Jibu langu nalitoa mapema: azichague kwa sauti ya mtu azungumzaye, wala asizichague kwa besi. Muda uliobaki nitautumia kueleza sababu.

Naanza na besi, maana ndiyo inayotupoteza njia dukani. Spika hufanya kazi ya kusukuma hewa. Koni, yaani ule uso wa spika unaocheza, ikitikisika mara 1000 kwa sekunde huhitaji kusogea kidogo tu, kiasi ambacho jicho halioni. Lakini kila mitetemo inapopungua kwa nusu, koni ileile hulazimika kusafiri umbali ulio mara nne ya ule wa awali ili sauti ibaki na nguvu ileile. Uzi mnene wa gitaa la besi hutoa noti ya Hz 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Koni yenye upana wa sentimita 13 haina pumzi ya kuifikisha noti hiyo masikioni kwa ukamilifu, na hilo si kosa la mtengenezaji. Ipo kanuni inayotajwa kwa jina la Josef Anton Hofmann, mmoja wa Wamarekani walioijenga biashara ya spika katika miaka ya 1950, inayosema kwamba besi ya kina, boksi dogo na sauti kubwa kwa umeme mdogo ni wageni watatu wasiolala chumba kimoja. Ukiwakaribisha wawili, wa tatu hufungasha virago.

Kabla ya hapo, aliyetaka besi nzuri alinunua kitu kinacholingana na kabati la nguo. Mwaka 1954, huko Cambridge katika jimbo la Massachusetts, Edgar Villchur na Henry Kloss walitoa spika iliyoitwa AR-1. Ilikuwa na boksi lililozibwa kabisa lisipitishe hewa, na koni iliyoshikiliwa kwa ulegevu, hivi kwamba hewa iliyofungiwa ndani ndiyo iliyofanya kazi ya springi ya kuirudisha koni mahali pake. Boksi likapungua sana na besi ikabaki, ila ampu, yaani mashine ya kukuza sauti inayoilisha spika umeme, ikadaiwa nguvu zaidi. Virago vilikuwa vimefungashwa na yule mgeni wa tatu. Spika nyingi ndogo zilizofuata ni wajukuu wa wazo hilo, ilhali zile zenye tundu la hewa hutumia mvumo wa hewa ya tunduni kuongeza besi ya mwisho kabla haijakatika.

Sasa nije kwenye spika ninayoipenda kuitolea mfano. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilikuwa na shida ya nafasi: mafundi mitambo waliokuwa ndani ya magari ya matangazo ya nje walihitaji kusikia kwa usahihi kile walichokirusha, lakini garini hapakuwa na mahali pa kuweka spika kubwa. Kitengo cha utafiti kilikuwa na spika ndogo iliyotengenezwa kwa kazi nyingine kabisa, yaani kuchunguza mwangwi katika vielelezo vya studio vilivyopunguzwa mara nane. Kutokana na hiyo ikazaliwa LS3/5A, yenye urefu wa sentimita 30, upana wa 19 na kina cha 16. Ni nzito kuliko inavyoonekana, boksi lake ni la plaiwudi, na hutoa sauti ndogo kwa umeme inaopewa: desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 82 au 83 tu kwa wati 1 ukiwa mita 1 kutoka ilipo. Kwa besi ya kina haifai. Hata hivyo watu wanaendelea kuitafuta na kuinunua majumbani hadi leo.

Siri yake ipo katika kipimo kilichotumika. Wahandisi wa BBC hawakutegemea mashine za kupimia peke yake. Walikuwa na desturi ya kulinganisha sauti ya mtu aliyepo studio na sauti hiyohiyo ikitoka kwenye spika. Sikio la binadamu linaijua sauti ya binadamu tangu siku ya kuzaliwa, na kila mmoja wetu ni mtaalamu wake bila kusomea. Kinanda cha kielektroniki kinaweza kukudanganya, kwa kuwa hujui kilivyosikika pale kilipopigwa, lakini mtu wa nyumbani akipiga simu ana mafua, utajua kabla hajamaliza salamu. Mvumo wa sauti ya mwanamume anapozungumza huanzia takribani Hz 85 hadi 180, na hapohapo ndipo maboksi mabaya yanapovuma kwa mbao zao wenyewe. Herufi za s na sh nazo zinakaa juu, mahali ambapo twita, yaani kile kispika kidogo cha sauti za juu, ikiwa mbaya hukwaruza. Kwa hiyo mtu mmoja akisoma aya moja huikagua spika karibu yote.

Nilipokuwa natafuta spika hizi nilimketisha kaka yangu kwenye kochi, nikamwekea maikrofoni kiasi cha nusu mita kutoka mdomoni, nikamwomba asome orodha ya vitu vya dukani na bei zake, kwa kuwa hakukuwa na kitabu karibu. Tukaenda madukani pamoja na rekodi hiyo. Duka la kwanza walituwekea spika ndefu zenye taa za rangi, na kaka yangu akatoka humo akiwa kama anasoma bei ya sukari ndani ya pipa. Katika duka la pili alikuwa na sauti nyembamba na kila "sh" ya "shilingi" ilichoma. Muuzaji alishangaa, akasema wateja wote huleta muziki. Kwenye duka la tatu nilifumba macho, na kwa sekunde chache sikuweza kusema kama aliyezungumza alikuwa spika au kaka yangu aliyesimama ubavuni mwangu. Hapo ndipo nilipouliza bei.

Mnapofanya jaribio la namna hii, hakikisheni spika zote zinalia kwa ukubwa uleule. Sikio huipendelea ile inayolia zaidi, hata ikizidi kwa kiasi kidogo ambacho huwezi kukitambua, na wauzaji wajanja wanalijua jambo hili vizuri. Programu ya simu ya kupimia kelele inatosha kwa kazi hiyo. Ombeni pia vile vitufe vya kukuza besi vizimwe.

Kuhusu namba zilizoandikwa kwenye katoni sina mengi ya kusema. Tumezoea kuona sabufa imeandikwa PMPO, ile namba ya kutamanisha wanunuzi, wati elfu kadhaa, kisha ukiigeuza nyuma unakuta kibandiko kinachosema kwamba umeme unaoingia ni wati 60. Hakuna mashine inayotoa kilichozidi ilichopewa, kwa hiyo kisomeni hicho cha nyuma. Namba yenye manufaa ni ile ya desibeli kwa wati 1. Spika ya desibeli 85 ukiipa wati 10 hufika 95, na ukiipa wati 100 hufika 105, ambazo sebuleni ni kelele za kugombana na majirani. Kuongeza ampu kutoka wati 50 hadi 100 hukupatia desibeli 3 tu, tofauti ndogo isiyofaa kukutoa fedha nyingi mfukoni.

Chumba ndicho kinachostahili muda wetu, maana unaponunua spika unanunua nusu ya sauti, na nusu nyingine tayari unayo nyumbani. Mwaka 1895 katika chuo kikuu cha Harvard kulikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambao mtu akizungumza hakuna aliyemwelewa, kwani neno lake liliendelea kuvuma kwa sekunde 5 na nusu. Kijana mmoja mwalimu wa fizikia, Wallace Sabine, alipewa kazi ya kuutibu. Usiku alihamisha mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, akaipanga kidogo kidogo, akipima kila mara mwangwi umepungua kwa kiasi gani, kisha kabla ya asubuhi akairudisha. Kilichonivutia zaidi katika kazi yake ni kipimo alichokichagua: dirisha lililo wazi. Sauti inayotoka dirishani hairudi, kwa hiyo dirisha wazi ni kifyonzaji kamili, na vitu vingine vyote vilipimwa kwa kulinganishwa nalo.

Sisi tuishio pwani tunafungua madirisha kwa sababu ya joto, na bila kujua tunaitibu sebule kila siku. Taabu yetu ni kuta. Nyumba nyingi za Marekani zimejengwa kwa fremu za mbao na bodi nyepesi, ambazo hutikisika na kumeza sehemu ya besi. Tofali la saruji lililopigwa lipu karibu halimezi kitu, linairudisha karibu yote. Chumba chenye urefu wa mita 4 kina mvumo wake wa asili wa karibu Hz 43, na spika kubwa inayofika huko itauamsha kila mpigaji besi anapoigusa noti hiyo, hata milango itetemeke na maneno ya mwimbaji yazame. Spika ndogo ambayo nguvu yake inaishia karibu na Hz 60 haimwamshi huyo aliyelala. Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba katika sebule ndogo ya tofali spika ndogo ndiyo saizi yake, hata kwa mtu mwenye uwezo wa kununua kubwa. Sakafu ya vigae tandikeni zulia au mikeka minene mbele ya spika, na ukuta ulio wazi uwekeeni kabati la vitabu au pazia zito.

Jina la spika za rafuni lina hila ndani yake, kwa kuwa wengi wa wanaozitengeneza hawakukusudia zikae rafuni. Ukiisukumiza spika ndani ya rafu, au mbaya zaidi ndani ya kidaka cha nyumba ya kale, mbao au mawe ya pembeni huikuza besi ya juu mpaka msomaji wa habari anazungumza kama aliyeinamia mtungi. Zisogezwe mbele. Iwapo koni iko sentimita 60 kutoka ukuta wa nyuma, sauti inayokwenda ukutani na kurudi husafiri sentimita 120 za ziada, na katika joto letu, ambapo sauti hukimbia takribani mita 348 kwa sekunde, inarudi ikiwa imepingana na ile ya mbele kwenye Hz 145, hivyo sehemu hiyo ya sauti ya mwanamume hupungua. Hakuna umbali usio na kasoro yake. Mtu huisogeza sentimita 10, akarudi kuketi, akasikiliza, akasogeza tena, mpaka mke wake aulize kulikoni. Twita ikae usawa wa sikio la aliyeketi, na spika mbili pamoja na kichwa chako zifanye pembetatu yenye pande sawa.

Wanaonunua spika za mtumba wazikague kwanza ukingo wa koni. Ukingo wa povu huoza, na katika unyevu wetu huoza haraka. Uguse taratibu kwa kidole, ukimeguka kama keki kavu, umepata hasara au kazi ya fundi. Ukingo wa mpira huvumilia zaidi. Kisha ampu ikiwa imezimwa, isukume koni kwa vidole viwili kila upande, kwa usawa: ukisikia mkwaruzo, koili, yaani waya uliosokotwa nyuma ya koni, imeungua au imepinda. Betri ndogo ya volti 1.5, ikigusishwa mara moja kwenye vituo vya nyuma, chanya kwa chekundu, itairusha koni mbele. Ikiruka nyuma, huenda kuna mtu aliyewahi kuifungua akageuza nyaya, na ukiiunganisha na mwenzake hivyohivyo besi itapotea na mwimbaji hatakaa katikati.

Zile zenye ampu ndani ni rahisi kuzitumia na huondoa rundo la nyaya, lakini someni volti kabla ya kuchomeka. Mimi niliwahi kununua jozi nzuri iliyotoka Japani, ambako umeme wa majumbani ni volti 100, nikaichomeka kwenye 230 za kwetu. Ililia neno moja, ikatoa moshi. Nilimlaumu muuzaji kwa wiki nzima, wakati kibandiko kilikuwepo muda wote.

Nilisahau mijusi. Spika yenye tundu la hewa nyuma izibwe kwa kipande cha chandarua kilichotandazwa, kwa sababu nimewahi kuifungua moja iliyokuwa ikigonga kila besi inapoingia, nikakuta mayai mawili yaliyokauka yakicheza ndani ya boksi.

Sasa naomba feni zizimwe, na madirisha yaachwe wazi kama yalivyo. Sauti ya kwanza mtakayoisikia ni ya kaka yangu akisoma bei za dukani. Yeye mwenyewe ameketi safu ya tatu, mwenye kofia nyeupe, na amekubali kusimama aisome orodha ileile kwa mdomo wake mara tu spika zitakaponyamaza.