Perpetua na Felisita, akina mama wa gerezani Karthago

Tumsifu Yesu Kristo! Milele, amina.

Akina mama, mmeniomba nizungumzie wanawake wa imani katika historia. Nikianza kuwataja wote tutakesha, na harufu ya pilau imeshaingia ukumbini. Nitawachukua wawili tu. Majina yao mnayasikia padre anaposali Sala ya Ekaristi ya Kwanza, na baadhi yenu humu ndani ndiyo mliyobatizwa nayo: Perpetua na Felisita. Ni watu wa bara letu hili, wa Karthago, jirani na Tunis ya leo. Waliuawa tarehe 7 Machi mwaka 203.

Tukiwasimulia hawa huwa tunakimbilia uwanjani, kwenye wanyama na damu. Leo nataka tukae gerezani, maana huko ndiko Perpetua alikoandika mwenyewe. Maneno yake ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya mwanamke Mkristo yaliyotufikia.

Vibia Perpetua alikuwa na miaka kama 22, wa ukoo wa heshima, amesoma, ameolewa, na mtoto wake wa kiume bado ananyonya. Mumewe hamtaji hata mara moja. Alipokamatwa alikuwa mkatekumeni tu, yaani bado anafundishwa imani kabla ya ubatizo, akabatizwa akiwa tayari chini ya ulinzi. Anasema Roho alimwongoza asiombe kingine katika maji yale isipokuwa uvumilivu wa mwili. Kufunguliwa hakuomba.

Baba yake hakuwa Mkristo, naye alimpenda kuliko watoto wake wote. Akaja kumsihi aikane imani. Perpetua akamwonyesha chombo kilichokuwa pale chini, tuseme mtungi: "Baba, unakiona hiki? Chaweza kuitwa kwa jina jingine?" Mzee akasema hakiwezi. "Basi na mimi siwezi kujiita kitu kingine ila nilivyo, Mkristo." Mzee akamrukia kama anataka kumng'oa macho, kisha akaenda zake. Binti anaandika bila kuficha kwamba alimshukuru Bwana kwa siku chache alizopumzika asimwone baba. Naona mnacheka. Mnaijua hali hiyo.

Halafu wakatupwa gerezani, naye anakiri kwamba aliogopa, hajawahi kuona giza la namna ile. Joto, msongamano, askari wanaodai rushwa. Na juu ya yote, mtoto. Mashemasi wawili, Tertius na Pomponius, wakatoa fedha ili wafungwa wapelekwe sehemu yenye nafuu kwa saa chache. Hapo akamnyonyesha mwanawe aliyekuwa amelegea kwa njaa. Baadaye akaruhusiwa kukaa naye, na anasema gereza likamgeukia jumba la kifalme, asitake kuwa kwingine kokote. Ndoto zake, kama ile ya ngazi ya shaba na joka ambaye Perpetua alimkanyaga kichwa, zimechorwa na kuhubiriwa sana. Mimi kila nikisoma nasimama hapa, kwenye maziwa.

Siku ya hukumu mzee alitokea na mtoto mikononi. Gavana Hilarianus naye akamwambia awahurumie baba mwenye mvi na mtoto mchanga, atoe sadaka kwa ajili ya watawala. "Sitoi." "Wewe ni Mkristo?" "Mimi ni Mkristo." Mzee alipozidi kumvuta, gavana akaamuru achapwe fimbo. Perpetua anaandika kwamba iliuma kana kwamba amepigwa yeye. Kwa hiyo anayehubiri kuwa alimdharau mzazi wake hajausoma ukurasa huu. Hukumu ikatoka: wanyama wakali. Akaagiza aletewe mtoto, babu akakataa kumtoa. Lakini mtoto hakulilia tena ziwa, wala matiti ya mama hayakuvimba, naye akayapokea hayo kama huruma ya Mungu.

Felisita alikuwa mjakazi, mimba ya miezi minane. Watu wengi husema alikuwa mtumishi wa Perpetua. Masimulizi yenyewe hayasemi hivyo, yanamtaja tu kama mtumwa mwenzake Revocatus, aliyekamatwa pamoja nao. Sheria ilikataza kumuua mwenye mimba, na hilo ndilo lililomsikitisha: angebakizwa, aje kufa peke yake kati ya wahalifu. Wenzake wakasali, uchungu ukamshika kabla ya siku. Akiwa analia kwa maumivu, mlinzi mmoja akamkejeli: unalia sasa, mbele ya wanyama utafanyaje? Akamjibu: "Sasa ninateseka mimi. Kule atakuwepo mwingine ndani yangu atakayeteseka kwa ajili yangu, kwa kuwa nami nitateseka kwa ajili yake." Akajifungua mtoto wa kike.

Na msidhani walikuwa wanyonge. Ofisa alipowabana sana, Perpetua alimuuliza usoni: sisi ndio wafungwa wa sikukuu ya kuzaliwa ya Kaisari, je, si heshima yako tukitokea tumenenepa? Maana michezo ile ilikuwa ya kumsherehekea Geta, mwana wa mfalme Septimius Severus. Ofisa akaona haya, wakaanza kutendewa vizuri zaidi.

Uwanjani nitapita haraka. Waliachiwa ng'ombe jike mkali. Perpetua akarushwa, akainuka, akamwona Felisita ameanguka, akamwendea, akampa mkono na kumsimamisha. Mwanamke wa ukoo mkubwa na mjakazi, bega kwa bega mbele ya umati wote wa Karthago. Wakamalizwa kwa upanga.

Perpetua aliandika hadi usiku wa kuamkia siku yenyewe, akaacha neno kwamba yatakayotokea huko, anayetaka na ayaandike. Aliyeendeleza ndiye aliyetuambia pia kwamba binti wa Felisita alichukuliwa na dada mmoja, akamlea kama mwanawe. Jina la dada huyo halikuandikwa, lakini kwangu mimi yumo kwenye orodha mliyoniomba.

Haya, maswali. Mama pale nyuma, nimekuona mkono.