Wasifu wa Mwigizaji Si Historia ya Marehemu

Shikamooni wakubwa, na vijana poleni na mvua. Najua kuna waliotoka Ngarenaro kwa miguu, viatu vinajieleza.

Wiki iliyopita niliomba kila mmoja aniletee wasifu wake wa uigizaji. Nimezisoma karatasi zote jana usiku. Jamani, nilijiona nipo msibani.

Mnajua mazishi ya kwetu Kibosho: kabla ya jeneza kuteremshwa anasimama ndugu na karatasi. “Marehemu alizaliwa mwaka fulani, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba. Alianza elimu ya msingi...” Sasa soma ulichoniletea. Umezaliwa, umesoma, umemaliza kidato cha nne, na uigizaji unatokea mstari wa mwisho, pamoja na rambirambi.

Anayetafuta waigizaji ana nafasi moja ya kujaza na rundo la karatasi mezani. Mtoto wa tatu hamsaidii. Hata mwaka wa kuzaliwa uache: una miaka 34, sura inakubali kijana wa 25, kwa nini ujifungie mlango mwenyewe?

Kuna kaka hapa ameniruhusu nimtumie, jina nalihifadhi. Aliandika: “Ni mwigizaji mahiri mwenye kipaji cha kuzaliwa, amefanya kazi nyingi ndani na nje ya nchi.” Nikampigia. Nyingi ngapi? Mbili. Nje wapi? Namanga, upande wa Kenya. (Msicheke, ng’ambo ni ng’ambo.) Tukaongea nusu saa, nikagundua mambo ambayo hakuyaandika kabisa. Tukaandika hivi:

“Anaigiza jukwaani na kwenye filamu. Mwaka jana alicheza kondakta katika mchezo wa jukwaani ulioonyeshwa Arusha na Namanga. Anazungumza Kimaasai na Kimeru, na ana leseni ya kuendesha lori.”

Neno “mahiri” limekufa, hakuna aliyelilia. Lakini ile leseni! Watu wanakuja kupiga picha za filamu huku kwetu kila mara, na dereva anayejibu kwa Kimaasai bila kufundishwa ni mali.

Mmeona pia tumeandika “alicheza”, si “nilicheza”. Ni kwa sababu mshereheshaji atausoma kama ulivyo, na kijitabu cha onyesho kitauchapa kama ulivyo. Kazi ya karibuni itangulie. Maneno 80 yanatosha, na uwe na toleo lingine la sentensi moja mfukoni. Kama umesoma TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo, andika. Kama ulifundishwa na mwalimu wa maigizo ya kanisani, andika vilevile, ilimradi useme ulicheza nini.

Uongo, sasa. Kupita mbele ya kamera na beseni la ndizi si “mhusika mkuu msaidizi”. Nasema kwa uchungu. Ujanani niliandika kwamba najua kupanda farasi, kwa kuwa ilipendeza kwenye karatasi. Nikaitwa, nikaenda hadi Usa River na shati jipya. Farasi alikuwepo. Mwongozaji akaniangalia, akasema, “Haya kaka, panda.”

Nauli ya kurudi nilijilipia.

Kalamu zipo kwa dada pale mlangoni. Geuzeni karatasi zenu upande wa pili, dakika 15, na nikikuta “alizaliwa” mstari wa kwanza nakuletea shada la maua.