Jinsi ya kutambua masafa ya redio yasiyotumika

Karibuni watazamaji. Leo tunasaka masafa yaliyo wazi. Natumia kipokezi cha RTL-SDR, hiki kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta. Chenyewe hupokea tu, hakirushi, kwa hiyo hata ukikosea humsumbui mtu.

Fungua programu yake, zima ukuzaji wa kujiendesha, yaani kifaa kujiamulia chenyewe kiasi cha kuongeza nguvu ya mawimbi, chagua kiwango kimoja, kisha usikiguse tena. Ukikigusa katikati ya kazi, vipimo vyako havitalinganishika.

Sasa chomoa antena. Ndiyo, ichomoe! Huu mstari unaochezacheza chini ya skrini ni kelele ya kipokezi chenyewe. Rudisha antena uone umepanda kiasi gani; nyongeza hiyo inatokana na chaja, taa na mitambo iliyo karibu. Chora kizingiti, yaani mpaka wa kuamua kama kuna mtu, desibeli 6 hivi juu ya mstari huo mpya. Kikiwa chini mno, kelele itakudanganya kwamba kuna mtu. Kikiwa juu mno, utamkosa mtu aliyepo kweli, na hilo ndilo kosa baya: ni afadhali upoteze nafasi kuliko ukatize mawasiliano ya mwenzako.

Mwiba uliosimama katikati kabisa ya skrini upuuze. Ukihamisha masafa nao unakufuata, maana ni wa kifaa.

Kipokezi hiki huona kama megahezi 2.4 kwa mara moja, basi pitia mkanda, yaani safu nzima ya masafa unayoichunguza, kipande kwa kipande. Hapa wengi huharakisha. Kipimajoto kisichotumia waya, cha megahezi 433.92, huongea chini ya sekunde moja kisha hunyamaza hadi dakika nzima. Washa kumbukumbu ya vilele, ile inayobakiza alama ya kila kilichopita, uache usiku na mchana.

Kisha pandisha antena juu, urudie. Huenda kuna mrushaji nyuma ya kilima usiyemsikia kabisa, lakini anayemsikiliza yuko katikati yenu. Ukija kurusha kwa mtambo mwingine, huyo wa katikati ndiye atakayeumia.

Na sasa nenda megahezi 1575.42. Umeona? Kimya. Lakini hapo ndipo GPS ilipo, mawimbi yake yakiwa chini ya kelele. Kwa hiyo masafa yaliyobaki wazi kwenye orodha yako yalinganishe na jedwali la ugawaji la mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako. Yaliyotengewa mtu, yafute, hata kama hujasikia chochote.