Saa Sitini Ndani ya Meli Iliyozama

ZUHURA: Assalamu alaikum, na karibuni tena katika kipindi chetu kutoka Mombasa. Leo tunamzungumzia mtu aliyefikwa na hatari ya kufa: ni kitu gani kinachomponya? Kaka Athmani ameomba tuanzie mbali kidogo, nchini Nijeria.

ATHMANI: Ahsante, dada Zuhura. Mwezi Mei 2013, meli ya kukokotea meli nyingine, ambayo watu wetu wa bandarini huiita tagi, ilipinduka alfajiri nje ya pwani ya Nijeria ikiwa na watu 12. Mpishi wake, Harrison Okene, alikuwa chooni. Tagi ilitua sakafuni mwa bahari, kina cha mita 30 hivi, chini juu, naye akajikuta ndani ya mfuko mdogo wa hewa. Alikaa humo kama saa 60, hadi wazamiaji waliokuja kutafuta maiti walipomkuta hai.

ZUHURA: Saa sitini gizani! Alizipitishaje?

ATHMANI: Kwa kazi, na hapo ndipo kisa chake kinaponivutia. Alipapasapapasa vyumba vya jirani akitafuta cha kumsaidia, akapata kinywaji cha soda, kisha akatumia godoro kujiinua ili sehemu kubwa ya mwili isikae majini, kwa sababu maji hunyonya joto la mwili upesi mno kuliko hewa. Alilia, aliogopa, alisali. Lakini baina ya kilio na kilio mikono yake ilikuwa na shughuli. Hata baada ya kupatikana hakuweza kupandishwa moja kwa moja, kwani mwili uliokwisha kuzoea shinikizo la kina kile ungedhurika, ikabidi awekwe katika chumba maalumu cha shinikizo kwa zaidi ya siku mbili. Baadaye, amini usiamini, yeye mwenyewe alisomea uzamiaji.

ZUHURA: Nina neno hapo, kaka. Wenzake 11 walikufa, na sidhani kwamba walikosa moyo kuliko yeye. Sisi hapa tuna kumbukumbu ya kivuko cha Mtongwe, Aprili 29, 1994, feri iliyojazwa kupita kiasi ilipopinduka na watu 272 wakafa karibu kabisa na nchi kavu. Aliyebanwa na umati upande ulioinama, utulivu ungemfaa nini? Tukiwasifu mno waliopona, tutakuja kuwalaumu marehemu kwa kosa la waliowapakia.

ATHMANI: Nakubali, wala sitaki kulipunguza neno hilo. Mfuko wa hewa ulikuwa majaaliwa matupu. Ninachosema ni kwamba majaaliwa mara nyingi humpa mtu muda tu, pengine dakika mbili, naye huweza kuzimaliza kwa kupigana na kitu asichokiweza. Tazama mkondo unaotoka kwenye mlango wa mwamba, yaani uwazi ambao maji hupitia kurudi bahari kuu, hapa kwetu. Mgeni aliyekuja kuogelea ufuo wa Pirates sikukuu ya Desemba akiona ufuo unamkimbia, huugeukia na kuogelea kwa nguvu zote dhidi ya maji, hadi mikono inakufa ganzi. Mkondo wenyewe huwa mwembamba. Angeogelea sambamba na ufuo angetoka ubavuni mwake, au angelala chali, masikio ndani ya maji, pua na mdomo nje, akapumua huku akisubiri msaada.

ZUHURA: Na sisi tulio ufuoni hungoja kusikia ukelele.

ATHMANI: Ambao huenda usisikike kabisa! Anayezama hana pumzi ya kupigia kelele. Mdomo wake huzama na kuibuka, mikono hukandamiza maji badala ya kupunga, na kwa mtu wa mbali huonekana kama anacheza. Mpigie kelele wewe: asipokujibu, mrushie boya, dumu tupu lililofungwa au kamba, wala usimfuate mikono mitupu, kwa maana atakukumbatia mzame pamoja.

ZUHURA: Na mvuvi aliyezimikiwa na mashine huko nje, maji ya kunywa yamemwishia?

ATHMANI: Asiyaguse ya bahari. Lita moja ina gramu 35 hivi za chumvi, na figo huhitaji maji mengi zaidi ya hayo ili kuitoa, kwa hiyo kila funda humzidishia kiu. Ajifunike jua, akinge mvua kwa turubai, na asiache chombo. Chombo huonekana kutoka mbali, kichwa cha mtu hakionekani.

ZUHURA: Nami nikuulize la nyumbani. Feri ya Likoni unaivuka kila siku; maboya ya kuvaa yamewekwa wapi?

ATHMANI: Umenishika. Nilivuka miaka mingi nikitazama simu. Juzi nilimuuliza mhudumu, akacheka, akanyoosha kidole juu ya kichwa changu.

ZUHURA: Mimi navuka jioni hii, na bado sijui yanavyofungwa.

ATHMANI: Basi tuvuke pamoja, tukamuulize.