Bandari katikati ya milima: tembea na mimi Bugsworth

Haya wadau, shikamooni wakubwa zangu, wadogo mambo vipi! Leo niko Bugsworth, Derbyshire, huku Uingereza. Nimepanda treni Manchester nikashuka Whaley Bridge, halafu nikafuata kanjia ka pembeni ya mfereji kwa miguu, na tope la huku jamani msije na raba nyeupe.

Sasa tazameni nyuma yangu. Hii ni bandari. Mimi mtu wa Tanga kuambiwa milimani huku kuna bandari nikajua nataniwa tu, kumbe kweli, ona magati ya mawe hayo, ona na maboti yalivyo membamba, watu wanaishi humo humo, bomba la jiko linatoa moshi. Ila msidanganyike na utulivu huu, zamani hapa ilikuwa vumbi la chokaa na moshi wa matanuri kutwa.

Ilikuwa hivi, juu huko Dove Holes kuna machimbo ya mawe ya chokaa, na jiwe ni mzigo mzito, barabara za karne ya 18 ndo usiseme. Injinia Benjamin Outram akaleta mfereji mpaka hapa na kutandika reli mpaka machimboni, vikaanza kazi 1796, treni ya mvuke haijazaliwa. Mabehewa yakijaa yanateremka yenyewe, jamaa kadandia anashika breki, farasi kazi yao kurudisha matupu juu. Pale Chapel-en-le-Frith penye mlima mkali wakafunga mnyororo, yaliyojaa yakishuka yanayavuta matupu kupanda. Injini hakuna, mafuta hakuna! Hapo nimewavulia kofia.

Ngoja nichuchumae. Mnaona hili jiwe na katundu kake katikati? Reli ilikaa juu ya mawe kama haya, walikuwa wanagongomea kigingi cha mti humo, kisha msumari unaopigwa kwenye kigingi unashika reli. Mataruma, yaani zile mbao za kukatiza chini ya reli, hawakuweka, maana farasi anapita katikati hapo hapo angejikwaa.

Mawe mengine yalichomwa hapa kwa makaa ya mawe, chokaa ikaenda kwa mafundi ujenzi na kwa wakulima wenye udongo wenye asidi. Sisi pwani tulichoma matumbawe kwa magogo, kazi ile ile.

Miaka ya 1920 reli ikafa, bandari ikajaa matope na vichaka. Kuanzia 1968 watu wa kujitolea wakaanza kuichimbua, bure, miaka na miaka, mpaka boti zikarudi. Mimi kufyeka mbele ya nyumba tu mpaka nitumwe mara tatu.

Haya mimi naifuata njia ya ile reli kuelekea Whitehough, siku hizi ni ya waenda kwa miguu. Ila wazee wa pwani mnaotazama, tanuri la matumbawe lilikuwa linawaka siku ngapi mpaka chokaa iive? Niandikieni hapo chini.